Kipya Kinyemi

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukizilaza chumba kimoja zitagombana mpaka kuche. Moja husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine husema usiache mbachao kwa msala upitao. Nimeishi na methali hizi miaka mingi bila kuzipatanisha, wala sikuona haja ya kufanya hivyo, mpaka siku mpwa wangu alipokuja nyumbani hapa Ifakara na kamera yake begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakukaa hata dakika mbili kabla ya kusema kilichomleta. "Mjomba, ile filamu ya mafenesi mliyokuwa mkiionyesha zamani, nataka kuitengeneza upya. Kwa Kiswahili, hapa hapa bondeni. Unaonaje?"

Nilimwambia aniache nifikiri. Vijana wa siku hizi hawapendi jibu la namna hiyo, lakini aliondoka kwa adabu. Haya ninayoyaandika ndiyo fikra niliyomwahidi, na nitaomba radhi mapema kwa msomaji, kwa kuwa ili nimjibu kijana huyu inanibidi nieleze jambo ambalo sikuwahi kulieleza.

Filamu yenyewe, kwa wasioijua, inaitwa Invasion of the Body Snatchers. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1978 na Philip Kaufman. Mbegu kutoka anga za mbali zinadondoka pamoja na mvua katika jiji la San Francisco. Zinaota, zinachanua, kisha zinazaa maganda makubwa ambayo sisi, kwa kukosa jina lake, tuliyaita mafenesi. Mtu akilala karibu na fenesi, humo hutoka mtu mwingine mwenye sura yake, sauti yake na kumbukumbu zake zote, ila hana huruma, hana hasira, hana mapenzi. Mwili wa yule wa kwanza husinyaa ukawa si kitu. Mke huamka asubuhi akamkuta mume ambaye si mumewe, na hakuna wa kumwamini akisema.

Kanda ya filamu hiyo ilifika Ifakara mwaka 1994, imechakaa na picha zake zinaruka. Siku hizo mji wetu ulikuwa na mabanda ya video, yale ambayo baadaye yalikuja kuitwa vibanda umiza, na aliyekaa humo saa mbili juu ya benchi la ubao hahitaji kuambiwa kwa nini. Palikuwa na televisheni moja, deki moja, mablanketi madirishani ya kuzuia mwanga, na jenereta nyuma ya ukuta kwa siku ambazo umeme umekatika. Na palikuwa na mtafsiri. Baadaye Dar es Salaam iliwapa umaarufu watafsiri wa filamu kama Lufufu, ambao sauti zao ziliingizwa ndani ya kanda na kusikika mikoani. Wa kwetu hakuingia ndani ya kanda yoyote. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akasema. Leo hayupo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alikuwa na sauti, alikuwa na ucheshi, na alijua lini anyamaze. Alichokosa ni Kiingereza. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Kwa soda moja na kuingia bure, nilikaa nyuma yake na kumnong'oneza maneno. Yeye aliyachukua mifupa yake akayavika nyama.

Filamu ile ilitushinda mapema. Nilimnong'oneza kwamba hawa ni nakala za watu. Alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Nakala ndiyo nini? Watu wataelewa?" Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Waite misukule."

Neno hilo liliwasha banda zima. Msukule, kama kila Mtanzania ajuavyo, ni mtu anayesadikiwa kuchukuliwa kwa uchawi. Ndugu zake huzika kitu wanachodhani ni yeye, kumbe yeye mwenyewe yuko mahali analima shamba la mtu usiku, ulimi umekatwa, akili imeondoka. Katika bonde la mpunga kama letu, ambako jirani akivuna magunia mengi kuliko wenzake hakosi wa kuuliza nani anamlimia, neno hilo halihitaji maelezo. Ghafla San Francisco ikawa Kibaoni. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga mlangoni waliingia ndani.

Sasa, shujaa wa filamu hiyo, anayeigizwa na Donald Sutherland, kazi yake ni ukaguzi wa afya. Mwanzoni tu anaonekana akikagua jikoni kwenye hoteli moja ya chakula, anakuta kinyesi cha panya ndani ya sufuria. Sikuhitaji kunong'ona. Mtafsiri aliona mwenyewe akatangaza, "Huyu bwana afya!" Watu wakapiga makofi, kwa sababu bwana afya tunamjua: ndiye anayekagua choo chako na kukuuliza maji umechemsha. Kwa mara ya kwanza tulimwona bwana afya akiwa staringi.

Na katika mabanda yetu kulikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Filamu ya Kaufman inaivunja sheria hiyo katika dakika yake ya mwisho. Mwanamke mmoja aliyenusurika anamwona bwana afya uwanjani, anamwendea kwa matumaini. Yeye anageuka, ananyoosha kidole, anafungua kinywa na kutoa ule mlio wa misukule. Basi, imekwisha. Banda lilinyamaza kwanza, kisha likalipuka. Wengine walidai fedha zao. Mtafsiri, ili kuituliza hadhira, aliniuliza haraka: kwa nini bwana afya naye amechukuliwa? Nami, kwa ujana na kwa kupenda kusikiwa, nikampa neno la pili. Nikamwambia, "Sema alikuwa mumiani tangu mwanzo. Ndiyo maana anapita nyumba kwa nyumba."

Akasema hivyo. Watu wakacheka, wakatoka wameridhika.

Haikupita wiki mbili, wapimaji wa afya walipita mtaani kwetu kutoboa watoto vidole na kuchukua tone la damu kwenye kioo, kazi ya kawaida ya kutafuta vimelea vya malaria. Walikuwa watu wa adabu, wenye barua ya serikali ya mtaa. Lakini safari hii milango kadhaa ilifungwa. Mama mmoja jirani yetu alimchukua mwanawe wa miaka minane, akamvusha mto na kumficha kwenye dungu la shambani. Huko mtoto alishikwa na homa, kisha degedege. Siku hizo hapakuwa na daraja la Kilombero, hili lililofunguliwa mwaka 2018. Palikuwa na kivuko, nacho usiku hakikufanya kazi. Walimvusha kwa mtumbwi, wakampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini homa ile ilimwacha kiziwi.

Siwezi kuapa kwamba ni filamu iliyomvusha mto yule mama. Hofu ya mumiani ilikuwapo kabla yangu, na huenda angemficha mwanawe hata kama deki ingeharibika usiku ule. Lakini alikuwapo bandani. Nilimwona akicheka. Na neno lilitoka kwangu.

Naam, hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kwanza. Sasa niende kwenye swali la mpwa wangu: je, filamu za kale za kubuni sayansi zinafaa kutengenezwa upya?

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kwamba filamu ya mafenesi niliyomtafsiria marehemu haikuwa ya kwanza. Nayo ilikuwa kipya cha kale. Ilianza kama hadithi ya Jack Finney, iliyotoka kitabu mwaka 1955. Mwaka 1956 Don Siegel akaifanya filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, shujaa wake daktari wa mji mdogo, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Wamarekani wa wakati ule waliogopa majirani: wapo waliosema filamu inawasema wakomunisti, wapo waliosema inawasema wale waliowasaka wakomunisti. Kaufman alipoichukua mwaka 1978 aliihamisha kutoka mji mdogo akaipeleka jiji kubwa, mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake, hivyo nakala hazihitaji hata kujificha sana. Mwaka 1993 Abel Ferrara akaipeleka kambi ya jeshi, ambako watu tayari wamevaa sare na kutembea hatua moja. Hadithi ni ile ile, ila hofu imehama nyumba, na kila mtengenezaji amekwenda kuitafuta ilikohamia.

Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza. Filamu ya kale inastahili kutengenezwa upya pale hofu iliyomo ndani yake inapokuwa imehama nyumba. Ikiwa haijahama, tazama ile ya zamani, haijaoza. Nami namsifu Kaufman kwa adabu aliyoionyesha kwa waliomtangulia. Katika filamu yake anapita mtu barabarani akikimbia na kupiga kelele za onyo, na mtu huyo ni Kevin McCarthy, shujaa wa filamu ya 1956, kana kwamba amekimbia miaka ishirini na miwili bila kusikilizwa. Siegel mwenyewe yumo, akiendesha teksi. Hivyo ndivyo mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba ya wazee kabla ya kuhamisha viti.

Filamu ya Siegel ilipata tatizo ambalo linafundisha. Mwandaaji alitaka imalizike kwa daktari akiwa barabarani, anapiga kelele, magari yanampita. Wenye fedha wakaogopa. Wakaongeza mwanzo na mwisho ambapo daktari anasimulia hospitalini, na mwishowe wakubwa wanamwamini na simu zinapigwa. Kaufman aliiondoa faraja hiyo. Kwa hiyo kipya kinaweza kuwa na ujasiri ambao cha kale kilinyimwa.

Mfano mwingine unaoimarisha jambo hilo ni The Thing. Mwaka 1938 John W. Campbell aliandika hadithi ya watafiti waliofungiwa na barafu pamoja na kiumbe kinachoweza kujigeuza kuwa yeyote kati yao. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1951, iliacha jambo hilo kabisa. Iliweka zimwi kubwa, mmea wenye umbo la mtu unaoishi kwa damu. Wazee wetu wangelitambua mara moja: mumiani wa barafuni. John Carpenter, mwaka 1982, aliirudia hadithi, akarudi kwenye mzizi ambao filamu ya kwanza iliukata. Wahakiki wengi waliiponda ilipotoka. Leo wengi wanaihesabu kati ya filamu bora za aina yake. Basi tusidhani kwamba cha kwanza daima ndicho cha asili, na cha pili daima ndicho cha kughushi. Wakati mwingine cha pili ndicho kinachokwenda kuzuru kaburi la babu.

Katika filamu ya Carpenter yumo mahali nisipopaona bila kumkumbuka yule mtoto. Watu wamefungiwa pamoja, hakuna anayejua nani ni nani. Wanaamua kupimana damu. Kila mmoja anakatwa kidole mbele ya wenzake, damu yake inawekwa kwenye kisahani chake, na waya wa moto unachovywa humo. Damu ya mtu hufanya mvuke tu. Damu ya kile kiumbe huruka. Mahali hapo panatisha kuliko pengine pote, na hata hivyo ndipo mahali pekee ambapo watu wale wanapata ukweli. Damu imetolewa hadharani, kila mtu anaona inakwenda wapi na inafanyiwa nini. Nimejiuliza mara nyingi: je, kanda iliyoletwa mwaka 1994 ingekuwa ile, nami nikamnong'oneza marehemu maneno yanayostahili, je, wangefunga milango?

Sisemi kwamba kila kinachorudiwa kinafaa. Mwaka 1951 huo huo Robert Wise alitengeneza The Day the Earth Stood Still, filamu ya mgeni kutoka anga anayekuja kuwaonya wanadamu juu ya silaha zao. Ilikuwa na chombo kimoja, roboti mmoja, na maneno yaliyopimwa. Iliporudiwa mwaka 2008 hofu ilihamishwa kwa haki kabisa: badala ya silaha, ni namna tunavyoiharibu dunia. Kwa kipimo changu cha kwanza inapita. Lakini mashine za picha zilikuwa nyingi kiasi kwamba onyo lenyewe lilizama ndani yake. Roboti yule aliyekuwa akitisha kwa kusimama tu, sasa anageuka kundi la vidudu vinavyotafuna malori na majengo. Ukitoka hapo unakumbuka vidudu, onyo hulikumbuki. Hapa ndipo kipya kinapokuwa kinyemi na kidonda kwa pamoja.

Na hadithi ya mafenesi yenyewe ilirudiwa mara ya nne mwaka 2007, kwa jina la The Invasion, yumo Nicole Kidman. Safari hii hakuna mafenesi. Ni vijidudu vilivyoletwa na chombo cha angani kilichoanguka, vinavyoambukiza kama mafua. Katika filamu hiyo walioambukizwa wanaeneza ugonjwa kwa kuutia ndani ya sindano ambazo watu wanaambiwa ni chanjo. Mwishowe dawa inapatikana, watu wanarudi kuwa watu, staringi hafi. Nilipoitazama sikuogopa vijidudu. Niliogopa sindano. Nilijua mtu fulani, katika banda fulani, ananong'onezwa neno.

Msomaji ataniambia, ile ni filamu tu. Ni kweli. Lakini mumiani naye ni hadithi tu, na hakuna filamu iliyotengenezwa upya mara nyingi kama yeye. Zamani mumiani ilikuwa jina la dawa nyeusi iliyosemekana kutokana na maiti zilizokaushwa. Wakati wa ukoloni, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, watu walisadiki kwamba wazimamoto ndio wanaonyonya damu, na gari lao jekundu likawaogopesha wapita njia. Wakoloni wakaondoka, mumiani akabaki. Aliacha gari jekundu, akapanda gari la hospitali, akavaa koti jeupe. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini, nilimsikia tena sokoni, safari hii yumo ndani ya simu. Kila kizazi kimemrudia kwa vyombo vyake vipya, bila mwongozaji na bila kuulizwa na mtu.

Na sisi wa Ifakara hatuna udhuru wa kutojua. Mji huu una historia ndefu ya tone la damu kwenye kioo. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapa mwaka 1957 chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel. Mwaka 1996 ikawa kituo cha Kitanzania cha utafiti wa afya, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Bonde letu huzaa mpunga na mbu kwa maji yale yale. Kijijini Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria. Katika nusu ya pili ya miaka hiyo bonde hili lilikuwa kati ya mahali palipoonyesha kwamba chandarua chenye dawa huokoa maisha ya watoto wadogo. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu kina mama wengi, wasio na shahada yoyote, walifungua milango na kuwashika watoto wao vidole. Ushujaa huo haujafanyiwa filamu ya kutosha. Kufungwa kwa milango ndiko mimi nilikofanyia, kwa maneno machache.

Kwa hiyo nina kipimo cha pili. Anayetengeneza upya hadithi ya kutisha awe anajua hofu ile itakwenda kulala nyumba ya nani. Kaufman aliweza kumfanya bwana afya wa San Francisco awe msukule, na hakuna mtoto wa San Francisco aliyefichwa kwa ajili hiyo. Hadithi ile ile, ikitafsiriwa na kijana wa kidato cha sita anayetaka kusikiwa, ilipofika hapa ikawa kitu kingine. Maana kutafsiri nako ni kutengeneza upya, tena kwa gharama ndogo. Hatukubadilisha picha hata moja, tulibadilisha maneno mawili tu. Neno la kwanza, misukule, lilikuwa zuri. Lilichukua hofu ya watu wa mbali likaifananisha na ya kwetu kwa haki, na hata leo naona hakuna tafsiri iliyo bora kuliko hiyo. Neno la pili, mumiani, lilikuwa uvivu. Halikuwamo ndani ya filamu. Lilitiwa ili watu wasidai fedha zao.

Wapo watakaosema: kwa nini tuhangaike na hadithi za Wamarekani? Tunazo zetu. Nao wana hoja. Mwaka ule ule wa 1951 uliotoa zile filamu mbili nilizozitaja, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake wanaotumwa pande zote za ulimwengu kutafuta maarifa hurudi na kutiwa gerezani. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimtia mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani, naye badala ya kufa akatua katika nchi yenye haki kuliko ile aliyofukuzwa. Na mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza filamu fupi ya Pumzi, dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo msichana mmoja anatoka nje na mche mmoja kuupanda. Sisi tunaoishi kando ya Kilombero, mto unaokutana na Luwegu na kuwa Rufiji, tungeitazama filamu hiyo kwa macho mengine kabisa. Ningefurahi mpwa wangu angezichukua hizi. Lakini sitamkataza ya mafenesi kwa sababu tu ni ya wageni. Hadithi iliyokwisha kulala kwetu, ikala kwetu na kutuumiza, si mgeni tena.

Liko pia suala la hati miliki, nalo si dogo. Sisi wa mabandani hatukumlipa mwenye filamu hata senti, na sijivunii. Mpwa wangu asikopi filamu ya mtu. Achukue wazo ambalo ni la watu wote, kwamba unaweza kumwona umpendaye usimtambue, alijengee nyumba yake mwenyewe.

Basi alipokuja tena nilimpa jibu. Nilimwambia: "Fanya. Hofu imehama nyumba, kwa hiyo una haki ya kuifuata. Lakini niambie kwanza bwana afya wako ataishiaje."

Akasema, "Anachukuliwa, mjomba. Kama kwenye ile ya zamani. Mwisho ule ndio mtamu."

Nikamweleza habari za mwaka 1994, zote, pamoja na neno nililolitoa. Alikuwa hajazisikia. Alikaa kimya, akawa anazungusha kifuniko cha kamera vidoleni. Kisha akauliza kama yule mtoto yuko hai.

Yuko hai. Ni fundi baiskeli, mtu mzima mwenye familia, na mpwa wangu amemtengenezesha baiskeli mara nyingi bila kujua. Aliwahi kusoma kabla ya homa ile, kwa hiyo anasoma vizuri. Ukitaka kuzungumza naye anakupa daftari lenye alama za grisi. Hajui kwamba nilikuwa nyuma ya mtafsiri usiku ule. Nimekaa kwenye kibao chake mara nyingi, nikashika kalamu yake, nikaandika habari za mvua na bei ya mchele.

Mpwa wangu aliaga bila kuniahidi mwisho wake utakuwaje, na sikumlazimisha, kwa kuwa filamu ni yake. Niliomba jambo moja tu: aweke maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kila neno, ili fundi aweze kuitazama bila kuhitaji mtu wa kumnong'oneza. Alikubali.

Nami imenibaki kazi yangu. Kabla filamu hiyo haijaonyeshwa, inanipasa niende kwenye kile kibao na kuandika katika lile daftari jambo ambalo si habari za mvua.